Mama akilalishwa, ubongo wake unakwenda wapi?

"Daktari, jambo. Tuko Kadutu, hapa Bukavu. Mama yetu ana miaka 61. Ana rovu la siku nyingi shingoni, goita, na sasa linambana akilala chali. Wamesema apasuliwe, na kwamba atalalishwa kabisa. Mwaka 2009 alipasuliwa mguu baada ya ajali ya pikipiki. Walimchoma sindano, akabaki macho wazi lakini hayupo. Alipozinduka alilia sana, akasema alikuwa anaruka juu ya ziwa na amemwona marehemu baba yake. Tangu siku ile anasema: nilikufa nikarudi. Jirani ametuambia dawa hizo huzima ubongo, na ukizimwa mara ya pili unaweza usirudi, au ukarudi nusu. Kaka yangu naye amesikia kwamba mtu anaweza kuzinduka katikati ya kisu akashindwa kusema. Kwa nini wasimchome tu sindano ya mgongo, kama wanavyofanya kwa wanaojifungua? Na hasa dawa hiyo inafanya nini kichwani?"

Dada yangu, maswali yako ni mengi, lakini hofu naiona ni moja. Mnaogopa kwamba ubongo wa mama utakatwa kama umeme wa mtaa unavyokatika, na ukirudi utarudi na ule mshtuko unaounguza friji na televisheni. Mfano huo nausikia karibu kila wiki, wala siwalaumu wanaoutoa, maana ndio umeme tunaoishi nao. Ila kichwani mambo hayaendi hivyo. Kwa kuwa mama ameshayasikia maneno ya jirani, nitakueleza polepole ili nawe umweleze kwa maneno yenu ya nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe. Huku kwetu tunasema "kulalisha". Wauguzi wa anestezi, yaani wa dawa za kulalisha, waliosoma ISTM, chuo cha mafunzo ya tiba, nao humwambia mgonjwa, "Mama, sasa tunakulalisha." Watanzania husema nusukaputi, na hilo kaputi linasemwa limetoka kwa Wajerumani, maana yake kitu kilichoharibika. Kwa hiyo jirani yako hakuvumbua kitu, neno lenyewe limebeba hofu yake tangu zamani. Maneno yote mawili yanapotosha. Usingizi sivyo, kwa sababu aliyelala ukimwita jina au ukimfinya ataamka, na usiku mzima usingizi wake hubadilika kwa zamu, ndoto zikija na kuondoka. Aliyepewa anestezi kisu hakimwamshi, na muda wenyewe unafutika. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, bandeji ikiwa tayari tumboni, "Basi mtaanza saa ngapi? Njaa inaniuma." Kwake zile saa mbili hazikuwahi kuwepo.

Na kifo pia sivyo. Ubongo wa mtu una seli za neva, yaani niuroni, zipatazo bilioni 86. Wakati wa upasuaji zote ziko hai, zinapata damu, zinapata oksijeni. Isitoshe, nyingi zinaendelea kuongea. Hapo ndipo watu hushangaa, na ndipo penye jibu la swali lako la mwisho, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Jioni ukisimama Nguba, kando ya Ziwa Kivu hapa Bukavu, ukatazama maji, utawaona wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakitoka. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, ile miti inayojitokeza mbele na nyuma kama pembe za mdudu, na wanaume wanapiga kasia huku wakiimba. Wimbo ule si wa kujifurahisha tu. Ndio unaowaambia makasia yote yaingie majini kwa wakati mmoja. Sasa waondolee wimbo. Mikono waachie, nguvu waachie, makasia pia. Waondolee wimbo peke yake, na kila mmoja apige kasia anapojisikia. Maji yatarukaruka, jasho litatoka, na mitumbwi itazunguka palepale mbele ya Nguba mpaka usiku. Hakuna mvuvi aliyekufa wala aliyelala. Lakini safari haipo.

Kuwa macho, kujua kwamba wewe ni wewe na uko hapa, ni safari ya namna hiyo. Hakuna sehemu moja ya ubongo inayoitengeneza peke yake. Sehemu inayoona, inayosikia, inayokumbuka na inayoamua hupeana habari kwa nyakati zinazopatana kwa vipande vidogo sana vya sekunde. Dawa ya anestezi huvuruga kupatana huko.

Nikuonyeshe inavyofanya. Dawa tunayoitumia sana kuanzia ni propofoli. Ni nyeupe kama maziwa, na ikiingia mkononi huwasha kidogo kwenye mshipa, kwa hiyo mama asishtuke. Inachukua kama nusu dakika kufika. Ubongo una breki yake wenyewe tangu kuzaliwa, kemikali iitwayo GABA. GABA ikigusa kipokezi chake kwenye seli, mlango mdogo unafunguka, chembe za kloridi zinaingia, na seli inatulia kwa muda mfupi sana. Propofoli haileti breki mpya. Inaushikilia mlango ule ubaki wazi muda mrefu zaidi kuliko kawaida. Gesi za kuvuta, kama halotani ya zamani na isoflurani na sevoflurani za siku hizi, hugusa milango kadhaa, huo ukiwa mmojawapo. Basi fikiria breki inayokawia kuachia, katika seli nyingi kwa mara moja.

Kinachotokea hapo kinaonekana kwenye mawimbi ya umeme ya ubongo. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, ndiye aliyechapisha kwanza mawimbi hayo ya binadamu, mwaka 1929. Mtu akiwa macho, mawimbi ni madogo, ya haraka, yenye vurugu kama soko la Kadutu saa nne asubuhi. Propofoli ikifika, yanageuka kuwa makubwa na mazito, wimbi moja likichukua sekunde nzima au zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Boston walichapisha walichokiona kwa wagonjwa wachache wa kifafa, ambao tayari walikuwa wamewekewa nyaya nyembamba ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu yao, hata ikawezekana kusikiliza seli mojamoja wakati wa kulalishwa. Seli hazikunyamaza moja kwa moja. Zilipungua mwanzoni, kisha zikarudi kutoa ishara karibu kama mwanzo. Lakini sasa kila kundi liliweza kutoa ishara katika kidirisha kifupi tu cha lile wimbi zito, halafu kimya, halafu kidirisha kingine. Na vidirisha havikulingana. Kundi hili likifunguka, lile la sentimita chache pembeni limefunga. Majirani wa karibu kabisa bado walisikilizana. Wa mbali walikuwa wanapishana kama watu wawili wanaopigiana simu kwa wakati mmoja na kila mmoja akikuta laini ina shughuli.

Ndiyo maana siupendi mfano wa umeme uliokatika. Umeme upo. Kilichokatika ni mawasiliano.

Kuna jambo moja ambalo hata wanafunzi wangu huwachanganya. Wakishasikia haya hufikiri anestezi ni fujo tupu. Hapana. Pamoja na mawimbi mazito, propofoli huleta mbele ya kichwa mdundo mwingine uliopangika mno, karibu mara 10 kwa sekunde. Mdundo huo unafungana na thalamasi, kile kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea habari za macho, masikio na ngozi na kuzigawa. Thalamasi na sehemu ya mbele zinaimba pamoja bila kuachana. Huo nao ni upatanifu, ila ni upatanifu wa watu wanaorudia "amina, amina, amina" bila hata mmoja kuleta habari. Kwa hiyo mawasiliano yanaharibika kwa njia mbili kwa pamoja. Walio mbali hawapatani, na waliopatana wanarudia neno lilelile.

Ukimwita mama jina lake wakati ule, sauti itaingia sikioni, itapanda, na ile sehemu ya kwanza ya ubongo inayopokea sauti itaitikia kidogo. Itaishia hapo. Haipati wa kumpelekea, kama mgeni aliyepiga hodi akafunguliwa geti la nje tu.

Na kurudi je? Propofoli haijigandishi kwenye seli. Inashika kwa ulegevu na kuachia. Dozi moja ikishaingia, damu inaihamisha kutoka kwenye ubongo kuipeleka kwenye misuli na mafuta, kisha ini linaivunja. Tusipoongeza nyingine, au gesi, mtu huanza kuzinduka ndani ya dakika chache. Milango inarudia hali yake, mawimbi yanapungua ukubwa, makundi yanaanza kusikilizana tena. Hakuna mshtuko wa kurudi, wala hakuna hesabu inayowekwa mahali kwamba mama ameshatumia nafasi yake ya kwanza. Wapo watu waliolalishwa mara kumi kwa ajili ya kuungua au mifupa. Kwetu sisi, mgonjwa aliyewahi kupewa anestezi anatupa faida, kwa sababu anaweza kutueleza yaliyompata.

Ambayo inanileta kwenye mwaka 2009. Kwa ulivyoeleza, macho wazi, hayupo, anaruka, sina shaka kubwa kwamba mama alipewa ketamini. Dawa hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na huku kwetu imeokoa watu wengi mno, kwa sababu mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, na muuguzi mmoja mwenye kibomba cha sindano anaweza kuitumia hata jenereta ikigoma. Yenyewe haipitii ile breki ya GABA. Inaziba mlango mwingine, wa glutameti, ambayo ni kemikali ya kuamsha. Na miongoni mwa seli za kwanza kuzibwa ni zile ambazo kazi yao ni kuwazuia wenzao. Matokeo yake ubongo haupoi, sehemu zake nyingine zinachangamka, mawimbi yanakwenda mbio. Hata hivyo mazungumzo ya sehemu ya mbele kwenda nyuma yanapungua, kama yanavyopungua kwa propofoli. Dawa mbili, njia mbili zisizofanana, na zote zinaishia kuvunja maongezi yaleyale. Sisi tunaofanya kazi hii tunaliona hilo kuwa jambo la ajabu kweli, na bado linatufundisha.

Kwa hiyo mama hakufa. Moyo wake siku ile huenda ulipiga kwa nguvu kuliko kawaida, maana ketamini hupandisha presha. Ubongo ulikuwa macho nusu, umefungiwa habari za nje, ukajitengenezea picha kwa vilivyokuwamo ndani: ziwa lake na baba yake. Sitaki mumcheke wala kumbishia kuhusu baba yake. Mwambieni tu kwamba ndoto zile zina jina kwetu, tunazijua, na kwamba daktari akiambiwa mapema anaweza kuchagua dawa nyingine. Kama ketamini italazimika, ataiongezea kidogo dawa ya kutuliza, diazepamu au midazolamu, na kumwacha azinduke mahali penye utulivu, bila watu kumpigia kelele, "Mama, amka!"

Swali la kaka yako ni la haki, na jibu la kweli ni kwamba hutokea, ila ni nadra. Elewa kwanza kwamba tunampa mgonjwa dawa za aina tatu: ya kuondoa fahamu, ya maumivu, na mara nyingi ya kulegeza misuli ili tuweze kuweka mpira wa kupumulia kooni. Hiyo ya tatu inafanya kazi pale neva inapokutana na msuli. Kwenye ubongo haifiki. Basi dawa ya fahamu ikipungua au mrija wake ukichomoka bila mtu kuona, huku misuli bado imelegezwa, mtu anaweza kusikia na asiweze hata kupepesa. Ndiyo hali aliyoisikia kaka yako. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2014 ulikuta taarifa moja kati ya wagonjwa wapatao 19,000 wa anestezi kamili. Dawa ya kulegeza misuli ikitumika ilikuwa karibu moja kati ya 8,000, na kwa upasuaji wa kujifungua karibu moja kati ya 670, kwa kuwa huko dozi huwekwa ndogo kwa ajili ya mtoto na kazi ni ya haraka. Hizo ni hesabu za Uingereza, usizihamishie Bukavu kama zilivyo. Zichukue kwa ajili ya kujua ni wakati gani hatari inapanda.

Kwetu mashine za kusoma mawimbi ya ubongo wakati wa upasuaji si nyingi. Nikiulizwa, nitasema mashine ile ni nzuri, lakini mtu makini anayekaa kichwani kwa mgonjwa ni bora zaidi. Anatazama mapigo, presha, machozi, jasho kwenye paji, kiasi cha gesi kilichobaki. Kwa hiyo swali la kuuliza hospitalini halihusu mashine. Uliza: nani atakaa kichwani kwa mama tangu mwanzo hadi atakapozinduka, na hatatumwa kazi nyingine?

Kuhusu sindano ya mgongo. Ile ni dawa nyingine kabisa, mara nyingi bupivakaini, na inafanya kazi nyingine. Inaziba neva zilezile zinazopita pale ilipochomwa, kiunoni, zisipitishe ishara. Barabara imefungwa, lakini mjini maisha yanaendelea, ndiyo maana mama anayejifungua anasikia mtoto akilia. Rovu liko shingoni. Dawa ya mgongo ikipanda mpaka huko itakuwa imeshapita kwenye neva za kupumua, na hilo ni janga. Ipo njia ya kuchoma ganzi pembeni mwa shingo, na wapo wapasuaji wanaofanya rovu dogo kwa njia hiyo, mgonjwa akiwa macho. Kwa rovu la siku nyingi linalobana pumzi, kwa mtu mwenye hofu ya mama yenu, mimi singeanza na hiyo. Ningependa awe na mpira wa kupumulia kooni, maana mpasuaji atakuwa anafanya kazi ubavuni mwa bomba la hewa lenyewe.

Na kutopasuliwa? Kama lingekuwa rovu dogo lisilosumbua, ningewaambia mkae nalo. Lakini umesema linambana akilala chali. Hilo linanifanya niamini waliomshauri, kwa sababu rovu likizidi kubana, hata sisi wa kulalisha kazi yetu inakuwa ngumu zaidi mwakani kuliko leo.

Sasa niseme ninachokiogopa mimi mwenyewe, maana kinachowatia hofu nyumbani sicho kinachonitia hofu mimi kazini. Siogopi kwamba ubongo wa mama utakataa kurudi. Naogopa hewa. Dawa hizi hupunguza nguvu ya kupumua, hulegeza ulimi na koo, na tumbo likiwa na chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Ubongo unavumilia propofoli vizuri. Kukosa oksijeni hauvumilii hata dakika chache. Watu wengi wanaosemwa "walirudi nusu" kwa sababu ya anestezi, ukifuatilia utakuta oksijeni ilipotea, au presha ilishuka mno, au alipata kiharusi. Kile kibanio kidogo cha kidoleni chenye taa nyekundu, ambacho Takuo Aoyagi wa Japani alibuni namna yake ya kupima katika miaka ya 1970, kwangu ndicho kifaa cha kwanza. Hospitali isiyo nacho, au isiyo na oksijeni ya uhakika, msimpeleke mama huko kwa upasuaji wa kupanga, hata kama bei yake ni nusu.

Kuhusu kumbukumbu, kuna ukweli kidogo ndani ya maneno ya jirani. Watu wazima, hasa waliovuka miaka 65, wanaweza kuchanganyikiwa baada ya upasuaji: wanasahau siku, wanavuta mirija, wanaona wadudu ukutani. Kwa kawaida hupita ndani ya siku chache. Wengine hubaki wazito wa kukumbuka kwa wiki kadhaa. Anestezi peke yake haisababishi yote. Kuna homa, maumivu, kukosa usingizi, kukaa na njaa, na pombe iliyokatishwa ghafla. Msaidieni kwa mambo madogo: miwani yake iwe karibu, mwanga wa mchana uingie, usiku pawe na utulivu, na mtu mmoja anayemjua akae naye akimwambia ni siku gani na wako wapi. Mmoja, siyo kwaya nzima ya parokia.

Kabla ya siku yenyewe, dai konsultasyo ya anestezi, yaani kuonana na daktari wa kulalisha, uende naye, na umwombe alale chali mbele ya daktari kwa dakika moja ili wasikie mlio wa pumzi yake kwa masikio yao. Wengi wanajikaza wakiwa wamekaa kwenye kiti na kusema "niko sawa". Waulize kuhusu picha ya shingo na kipimo cha homoni za rovu, kwa sababu rovu linalomwaga homoni nyingi lazima litulizwe kwa dawa kwanza, la sivyo moyo unaweza kwenda mbio vibaya mezani. Peleka dawa zake zote ndani ya mfuko, hata za miti. Kama anakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, au kanyanga, ile pombe kali, aseme kiasi cha kweli. Hatutamhubiria. Tunataka tu kujua dozi. Meno yanayotikisika pia aseme. Dawa za presha asiziache kwa kuamua mwenyewe, aulize zipi azimeze asubuhi ile.

Chakula: bugali na kila kigumu kiishe angalau saa 6 kabla, maji matupu angalau saa 2 kabla, isipokuwa kama waliompokea wamewapa saa nyingine. Chai ya maziwa na uji ni chakula, hata kama vinanyweka. Na tafadhali, kama kanisani wamemwombea na kumpangia kufunga siku tatu bila maji kuelekea upasuaji, mwombeni mchungaji awafungie nyinyi watoto. Mgonjwa aliyekaukiwa na maji ndiye presha yake inayoporomoka nikimpa propofoli.

Msingoje tarehe ya upasuaji kama ataanza kupumua kwa mlio akiwa amekaa, au akashindwa kumeza mate, au sauti ikabadilika ghafla. Nendeni siku hiyohiyo. Na baada ya upasuaji, hasa saa 24 za kwanza, atakayelala naye atazame shingo. Ikivimba na mama akasema pumzi haitoshi, usisubiri zamu ya asubuhi, ita kwa sauti, maana damu inaweza kuwa inajikusanya ndani na kubana bomba la hewa. Midomo au vidole vikiwasha kama vinatembewa na sisimizi, au mikono ikikakamaa, sema pia, hiyo ni kalsiamu iliyoshuka na dawa yake ipo. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, au akiwa hazinduki saa kadhaa baada ya wengine wa zamu yake, hilo si la "mwacheni apumzike".

Kama mama anapaka rangi kwenye kucha, au ana hina, usiku wa mwisho msafishieni vidole viwili vya mkono. Kile kibanio kinasoma vizuri kwenye ukucha mtupu.